Majina ya wafalme wa Wahiti, na kwa nini mengi yake si ya Kihiti

Chukua jina moja tu, Hattusili. Hattusili wa Tatu ndo yule mfalme wa Wahiti aliyefunga mkataba wa amani na Ramses wa Pili wa Misri mwaka 1259 KK. Sasa mwandishi wa ikulu akitaka kuliandika jina la bosi wake kwenye kibao cha udongo, anaanza na alama moja ya wima yenye umbo la msumari, alama ya kukwambia kwamba hapa linakuja jina la mwanaume. Halafu mara nyingi anachora alama ya Kisumeri, lugha ya kale ya kusini mwa Iraq ya leo, inayomaanisha fimbo ya kifalme. Fimbo inatoka wapi? Ni kwamba kwa Kiakadi, ile lugha ya Babeli, fimbo hiyo inaitwa hattu, kwa hiyo msomaji akiona fimbo anatamka "hattu". Kisha "si" inaandikwa kawaida tu kwa sauti, na mwisho inawekwa alama ya Kisumeri ya mungu pamoja na kipande "lim", manake kwa Kiakadi "ya mungu" ni ilim, na hapo unapata "ili". Hattu-si-ili.

Ndani ya jina lenyewe hamna fimbo na hamna mungu. Maana yake ni mtu wa Hattusa, yaani wa ule mji mkuu, na hicho kiambishi -ili cha mwishoni wataalamu wengi wanakirejesha kwenye Kihatti, lugha ya wenyeji waliokuwepo pale kabla Kihiti hakijashika nafasi. Kwa hiyo una mfalme anayetawala kwa Kihiti, mwenye jina la asili ya Kihatti, linaloandikwa kwa alama za Kisumeri zinazosomwa kwa Kiakadi. Lugha nne kwenye jina la mtu mmoja. Mimi hiki ndo kitu kilichonivuta kwenye hii mada na sijaweza kuiacha.

Tuelewane kwanza hawa Wahiti ni akina nani. Wengi tumekutana na jina lao kwenye Biblia, Uria Mhiti, au yule Efroni Mhiti aliyemuuzia Abrahamu pango la Makpela. Hapa naongelea ile dola kubwa yenyewe iliyokaa katikati ya Uturuki ya leo, kuanzia kama mwaka 1650 KK mpaka karibu na 1180 KK, mji mkuu wake Hattusa, ambao magofu yake yako Boğazkale, mashariki ya Ankara. Uchimbaji mkubwa ulianza pale mwaka 1906 chini ya Hugo Winckler na Theodore Makridi, na vibao na vipande vya vibao vilivyotoka huko mpaka leo vinafika kama 30,000. Mwaka 1915 Mcheki mmoja, Bedřich Hrozný, ndo akaonyesha kwamba Kihiti ni ndugu wa zile lugha za Kihindi-Kiulaya, kwa kuisoma sentensi moja ya mkate na maji, ambayo neno lake la maji ni watar.

Lakini wenyewe hawakuiita lugha yao Kihiti. Waliita nesili, yaani Kinesa, lugha ya mji wa Nesa, ambao ndo Kanesh, leo Kültepe karibu na Kayseri (hiyo -ili ya nesili ni nyingine, ni ya kusema "kwa lugha ya", isikuchanganye na ile ya Hattusili). Jina "Hatti" lilikuwa la nchi na la wenyeji wa zamani, wale waliosema Kihatti, lugha ambayo haina undugu wowote na Kihiti. Waliokuja kutawala walibeba jina la nchi wakalifanya lao. Sasa kama hata jina la taifa ni la kurithi kwa watu wengine, usishangae majina ya watu ndani ya ikulu.

Lugha za kushika kichwani hapa ni nne tu. Kihiti chenyewe. Kiluwi, ndugu yake wa damu kabisa, kilichosemwa zaidi kusini na magharibi, na ndo lugha iliyoandikwa kwa ile hieroglifi ya kienyeji, mwandiko wa picha, unayoiona kwenye mawe. Kihatti cha wenyeji. Na Kihurri, kilichotoka upande wa kusini mashariki, Syria ya kaskazini na ile dola ya Mitanni, nacho hakihusiani na Kihiti wala Kihatti. Ukitaka kuona zinavyotofautiana angalia mungu wa radi na mvua, ambaye alikuwa juu sana kwao: kwa Kihatti ni Taru, kwa Kiluwi Tarhunta, kwa Kihurri Teshub. Hilo la Teshub litatusaidia sana mbele.

Tuanze na majina ya zamani. Mfalme wa kwanza wa ukoo anatajwa kuwa Labarna. Baada yake kila mfalme akawa anaitwa labarna, wakati mwingine tabarna, yaani jina likageuka cheo, kama vile Kaisari lilivyokuwa jina la mtu mmoja Roma halafu likawa la kila anayekaa kwenye kile kiti. Au ilikuwa kinyume, cheo kilikuwepo kwanza? Hapo wanabishana. Kuna wanaosema ni neno la Kihatti, na hiyo L kugeuka T wanaiona kama dalili kwamba Wahiti walikuwa wanajaribu kuandika sauti ambayo hawana. Wengine wanalifunga na kitenzi cha Kiluwi tapar-, kutawala. Kinachoonekana wazi ni kwamba Hattusili wa Kwanza kwenye wosia wake anamkana mpwa wake aliyemwita "Labarna kijana", anamkataa kabisa urithi na kumchukua Mursili badala yake, kwa hiyo wakati huo labarna ilishaanza kumaanisha mtu aliyeandaliwa kurithi. Upande wa wanawake kuna tawananna, cheo cha malkia, na hiki kilikuwa hakiishi mume akifa, mama anaendelea kuwa tawananna hata mtoto wake akiwa ndo mfalme, ugomvi wa ndani ya ikulu ulitoka sana hapo.

Huyo Hattusili wa Kwanza kuna kitu kwenye jina lake ambacho watu wanakipita haraka. Yeye mwenyewe anajiita mtu wa Kussara, mji mwingine. Na Hattusa, karne moja hivi kabla yake, ilikuwa imechomwa na Anitta, mfalme aliyetokea huko huko Kussara, na Anitta akaulaani, akaandika kwamba atakayekuwa mfalme baada yake akaujenga tena Hattusa basi mungu wa radi ampige. Hattusili akaenda kukaa pale pale, na jina analotumia ni mtu wa Hattusa. Kwa hiyo jina lile ni tamko la kisiasa, hata kama kiambishi chake ni cha Kihatti halikwambii mama yake alisema lugha gani nyumbani.

Kuna ushahidi mzuri wa hili ukilinganisha na balozi mmoja wa baadaye, Hattusa-ziti, yule aliyetumwa Misri na Suppiluliuma wa Kwanza. Ziti kwa Kiluwi ni mwanaume, mtu. Kwa hiyo Hattusa-ziti ni mtu wa Hattusa. Hattusili ni mtu wa Hattusa. Maana ile ile, lugha mbili tofauti, nchi moja.

Telipinu, mfalme aliyetoa lile tangazo maarufu la nani arithi kiti baada ya ndugu kuuana miaka mingi, naye ana jina la Kihatti, tena ni jina la mungu mzima mzima, mungu wa kilimo ambaye kwenye hadithi zao alikasirika akapotea na kila kitu kikakauka. Pinu kwa Kihatti ni mtoto. Tudhaliya, Arnuwanda na Ammuna ni majina ya milima, na milima kwao ilikuwa miungu, kwa hiyo kumpa mtoto jina la mlima ni kumweka chini ya ulinzi wa mungu. Muwatalli tunarudi upande wa Kiluwi na Kihiti, muwa ni nguvu, ile nguvu ya dume la vitani, na jina lenyewe ni "mwenye nguvu". Waandishi walilichukulia maana yake moja kwa moja na kuliandika kwa alama ya Kisumeri yenye maana hiyo hiyo. Huyu wa Pili ndo aliyepigana na Ramses pale Kadesh huko Syria mwaka 1274 KK.

Na Suppiluliuma. Hili ni langu mimi, nalipenda kuliko yote, kwa sababu ni Kihiti safi ambacho unaweza kukifungua kipande kwa kipande. Suppi ni safi, kwa maana ya usafi wa ibada, maji au nyama iliyotakaswa kwa ajili ya miungu. Luli ni bwawa au chemchemi. Na -uma ni kiambishi cha kusema mtu wa mahali fulani. Mtu wa chemchemi takatifu. Mfalme mkali kuliko wote waliotoka Hattusa, aliyeivunja Mitanni na kuweka watoto wake Aleppo na Carchemish, alikuwa anaitwa kwa jina la maji ya utulivu. Na hilo suppi si la ikulu tu wala halikuanza na yeye. Karne kadhaa nyuma wafanyabiashara kutoka mji wa Assur walikuwa na makazi Kanesh, wakaacha vibao zaidi ya 20,000 vya mikopo, bati, vitambaa na punda, na kwenye majina ya wenyeji waliofanya nao biashara kuna mwanaume Suppiahsu na mwanamke Suppiahsusar. Hiyo -sar ya mwishoni ndo inafanya jina kuwa la kike. Hayo majina ya wadeni na wake zao ni kati ya Kihiti cha zamani kabisa tulichonacho, ni kizee kuliko maandishi yoyote ya ikulu ya Hattusa.

Mpaka hapo unaweza kusema sawa, Kihatti, Kihiti, Kiluwi, ni lugha za pale pale. Kuanzia kama 1400 KK mambo yanabadilika, na yanabadilika kwanza kwa wanawake. Angalia malkia wanaofuatana: Nikkalmati, Asmunikkal, Satanduhepa, Taduhepa, halafu baadaye Danuhepa na Puduhepa. Hepa ni Hebat, mungu wa kike wa Aleppo na mke wa Teshub. Nikkal ni Ningal wa Wasumeri, mke wa mungu wa mwezi, aliyepita kwa Wahurri mpaka akafika Hattusa. Taduhepa lina kitenzi cha Kihurri cha kupenda, na kuna Taduhepa mwingine kabisa, binti wa mfalme Tushratta wa Mitanni, aliyepelekwa Misri kuolewa na Amenhotep wa Tatu. Jina moja, mabinti wawili.

Sababu kubwa ni Kizzuwatna, nchi ya kusini upande wa Adana ya leo, iliyokuwa na Wahurri na Waluwi wamechanganyika, ambayo Wahiti waliimeza wakati huo, wakachukua na makuhani wake na miungu yake na ibada zake. Puduhepa anatoka huko huko, binti wa kuhani Pentipsarri wa mji wa Lawazantiya. Hattusili wa Tatu alimwoa akiwa anarudi kutoka vita ya Kadesh, na mwenyewe anaeleza kwamba ni mungu wake wa kike ndo aliyeamuru. Ndo huyu Puduhepa aliyeweka muhuri wake kwenye ule mkataba na Misri pamoja na wa mumewe, na kwenye sala yake kwa mungu jua wa kike wa Arinna anamwambia kwamba huku Hatti umejiita mungu jua wa Arinna, ila kwenye ile nchi uliyoifanya ya mierezi jina lako ni Hebat. Huyu mama alijua vizuri sana kwamba mtu mmoja, hata mungu mmoja, anaweza kuwa na jina tofauti kila anapovuka mpaka.

Na wanaume nao wakaanza kuwa na majina mawili mawili. Tudhaliya wa Tatu kwenye maandishi ya ibada za Kihurri anaonekana kama Tasmi-Sarri. Mtoto wa Muwatalli wa Pili anaitwa Urhi-Teshub, urhi ni kweli, thabiti, kwa hiyo Teshub ni wa kweli, na alipokalia kiti akaitwa Mursili, wa Tatu. Unaona mpangilio: jina la nyumbani la Kihurri, jina la kiti la kale la mababu. Lakini usifanye sheria, kwa sababu kuna mmoja alienda kinyume kabisa. Piyassili, mtoto wa Suppiluliuma, alipofanywa mfalme wa Carchemish kwenye mto Frati akachukua jina la Sarri-Kusuh, sarri ni mfalme (neno ambalo Wahurri nao walilikopa kwa Kiakadi) na Kusuh ni mungu mwezi wa Kihurri. Yeye alienda kutawala Wahurri akachukua jina linaloeleweka kwao, na wajukuu wake pale pale wakaendelea na kina Ini-Teshub na Talmi-Teshub, "Teshub ni mkuu". Jina linafuata kiti, na kiti kinafuata watu wanaokizunguka.

Ugomvi wa jina unaoumiza ni wa Urhi-Teshub. Baba yake mdogo, Hattusili wa Tatu, anasimulia alivyomvumilia miaka saba halafu akampindua na kumfukuzia Nuhasse huko Syria. Kwenye simulizi lote, ambalo kimsingi ni la kujitetea, hamwiti Mursili. Ni Urhi-Teshub mwanzo mwisho. Mtu aliyetawala nchi anarudishwa kwenye jina la utotoni kana kwamba kile kiti hakuwahi kukikalia. Ila udongo haukukubali, mwaka 1990 na 1991 pale Nişantepe, ndani ya Hattusa yenyewe, zikachimbwa chapa za mihuri zaidi ya 3,000 na za Mursili wa Tatu zimo.

Sasa nije kwenye kitu kinachobishaniwa sana. Kuna hoja kwamba kwa sababu malkia na wana wa wafalme wana majina ya Kihurri, basi ukoo wa kifalme wa kipindi cha dola kuu ulikuwa wa Kihurri. Mimi hii siikubali, angalau si kwa ushahidi wa majina peke yake. Chukua Sausgamuwa, mfalme wa Amurru, nchi ndogo ya Syria iliyokuwa chini ya Wahiti, aliyefunga mkataba na Tudhaliya wa Nne. Sausga ni mungu wa kike wa Kihurri, muwa ni ile nguvu ya Kiluwi. Utamweka kabila gani? Sisi tuna Mwanaisha, mwana ya Kibantu na Aisha ya Kiarabu, na hakuna anayemuuliza Mwanaisha ni nusu Mwarabu, tunajua kilichoingia ni dini na heshima. Dada yake Hattusili wa Tatu aliitwa Massanauzzi, na massani ni mungu kwa Kiluwi. Watoto wa nyumba moja, mmoja jina lina mzizi wa Kihatti na mwingine wa Kiluwi, halafu mke wa kaka ni wa Kihurri. (Huyu dada ndo ambaye kaka yake alimwombea Ramses dawa ya kupata mtoto, Ramses akajibu kwamba huyo Matanazi mnasema ana miaka hamsini, ana sitini, hamna dawa ya hivyo. Na ona jina lilivyoharibika likifika sikio la Mmisri.)

Wakati mwingine hata jina si jina. Kwenye simulizi la Suppiluliuma, malkia mjane wa Misri anaandika kwamba mume wangu amekufa, sina mtoto, nipe mmoja wa wanao awe mume wangu, na maandishi ya Kihiti yanamwita Dahamunzu. Hilo ni ta hemet nesu, Kimisri cha "mke wa mfalme", mwandishi alisikia cheo akakiandika kama jina. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana miaka mingi ni malkia yupi, sababu ndo hiyo. Naye yule binti wa mfalme wa Babeli aliyeolewa na Suppiluliuma uzeeni alichukua cheo cha Tawananna akakitumia kama jina lake, na Mursili wa Pili, mtoto wa Suppiluliuma, akaja kumshtaki kwamba amemuua mkewe Gassulawiya kwa uchawi, akamtoa ikulu. Kwenye mihuri jina lake la mwanzo lipo, Malnigal.

Mfalme wa mwisho wa Hattusa tunayemjua naye aliitwa Suppiluliuma. Karibu na 1180 KK mji ukaachwa, mwandiko wa kikabari (ule wa alama za misumari) wa Kihiti ukakoma, na Kihiti chenyewe kikapotea. Ila majina hayakupotea. Vijidola vya kusini mwa Uturuki na Syria ya kaskazini, vilivyoandika Kiluwi kwa hieroglifi, viliendelea kuwapa wafalme wao majina yale yale, na Waashuru walipowavamia wakayaandika walivyoyasikia. Mwaka 858 KK Shalmaneser wa Tatu anapigana na Sapalulme wa Patina, na huyo ni Suppiluliuma. Patina hiyo hiyo ina Lubarna, yaani Labarna. Kummuh kuna Qatazilu, huyo ni Hattusili, na baadaye Mutallu, Muwatalli. Mwaka 2012 pale Tell Tayinat, karibu na Antakya, wachimbaji walitoa sanamu kubwa ya mfalme, kichwa na kifua, macho ya mawe meupe na meusi bado yamekaa sawasawa, na mgongoni hieroglifi za Kiluwi zenye jina lake: Suppiluliuma, mtu wa chemchemi takatifu.